Sahani Niliyoirudisha Jikoni

Niliwahi kurudisha jikoni sahani ya wali bora kuliko wote unaopikwa Tabora. Sikuirudisha kimyakimya kama mtu aliyeshiba. Niliirudisha nimesimama, kidole juu, sauti ya mhubiri, mbele ya wajenzi wa reli waliokuwa wanakula chakula chao cha mchana kwa amani. Kisha nikatoka kifua mbele. Nilikuwa nimeshakaribia nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba wali ule ndio niliokuwa nautafuta wiki kadhaa, na kwamba mke wangu alikuwa amekaa dirishani akiungoja.

Nieleze kwanza mimi ni mtu wa namna gani, usije ukadhani ni mzururaji wa mahotelini. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani kwangu, Mtendeni, na kutoka kitandani hadi kazini ni hatua kumi na moja. Nikipitia jikoni, kumi na tano. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walipanda treni, huyu Dar, yule Mwanza. Mimi niliwasindikiza stesheni, nikapunga mkono, nikarudi kulala. Mke wangu husema nilizaliwa nimeshavaa kandambili. Simbishii. Kila ninachokihitaji hupita chenyewe mbele ya baraza: maziwa, mkaa, asali, habari za watu.

Basi mwaka huo mke wangu alikwenda Dar kupasuliwa tezi la shingo. Mdogo wake ndiye aliyemsindikiza, maana mimi, naandika kwa aibu, nilisema lazima mtu abaki na nyumba. Kana kwamba nyumba ingeondoka. Alirudi salama. Kovu lilikuwa limekaa vizuri, nami kama fundi nikausifu mshono. Ila alirudi bila hamu ya kula. Ugali anaumega, anauchovya kwenye mlenda, anaurudisha. Uji ni vijiko viwili. Ndizi anazitazama kama zimemtukana. Magauni yakaanza kumpwaya, nikayaingiza ubavuni. Wiki mbili baadaye nikayaingiza tena, na safari hiyo sikuitazama futi mara mbili kama nilivyozoea, maana niliogopa itakachosema. Muuguzi wa kliniki alimpandisha kwenye mizani, akaandika, akasema bila kuzunguka: "Mama, mwezi ujao ukiwa umepungua tena, tunakurudisha Dar."

Tuliporudi nyumbani nilimwambia ataje chakula chochote, hata kama ni nyama ya twiga, nitakitafuta.

"Utakitafutia wapi wewe?" akasema. "Kwenye droo ya cherehani?"

"We taja."

Akafikiri kidogo. "Ule wali wa Wachina. Siku niliyotoka hospitali mdogo wangu alinipeleka kimgahawa fulani, viti vya plastiki, hakina hata pazia. Wali wa kukaanga. Punje zimeachana, una yai, una kitunguu cha majani, una harufu ya moshi kwa mbali. Nilimaliza sahani, baba watoto. Sahani nzima."

"Wali tu?"

"Si wali tu. Ungekuja ungeujua."

Hapo alinichoma pale penyewe. Nikaapa kimoyomoyo kwamba kama wali huo unapikwa popote ndani ya Tabora, utaletwa, na utaletwa na mimi, kwa miguu yangu hii isiyozoea lami.

Jirani yetu, mama anayeuza vitumbua mlango wa pili, alikuwa ameshasikia yote. Ukuta baina yetu upo kwa heshima tu. Asubuhi akaja na bakuli limefunikwa sahani. "Mpe mgonjwa," akasema, "wali huo, nimeukaanga na kitunguu sasa hivi, bado wa moto."

"Umeupika leo?"

"Wa jana. Leo nimeukaanga."

Nikamrudishia bakuli lake. Naomba unielewe. Kwetu kiporo ni cha wenye nyumba wenyewe, asubuhi, na chai, mlango umerudishwa. Hakuna anayekidharau, mimi mwenyewe nimekua kwa kiporo. Lakini mgeni hapewi, na mgonjwa hapewi. Hao hupikiwa upya. Marehemu mama yangu, huko kijijini upande wa Isikizya, aliwahi kuwasha moto kwa kuni mbichi kumpikia mgeni aliyekuwa anaapa kwamba ameshiba, na sufuria ya ugali wa mchana ipo imejaa. Ndivyo nilivyolelewa.

"Mgonjwa halishwi kiporo, jirani," nikasema.

Akanitazama, akalitazama bakuli. "Haya." Akaenda kuketi mlangoni kwake akaula mwenyewe, polepole, macho kwangu.

Nikavaa viatu. Nilianzia mgahawa wa Mhindi karibu na soko, mtu ambaye babu yake alikuwa na duka hapo tangu enzi za misafara, kabla ya reli. Wali wake ulikuja wa njano, una iliki, una mdalasini, una kila kitu isipokuwa kile nilichokitaka. Nilionja, nikajua si wenyewe, lakini ulikuwa mtamu, nikafungiwa wa kubeba. Mke wangu alichukua kijiko kimoja.

"Hii ni pilau iliyobadilisha jina," akasema. Uliobaki akaumaliza jirani, akasifu sana.

Nikaenda tena, safari hii mgahawa wenye taa nyekundu za karatasi mlangoni na joka limechorwa ukutani. Mwenyewe ni kijana wa Nzega ambaye, nilipomuuliza alijifunza wapi upishi wa Kichina, alisema "kwenye simu." Wali ulikuja mwekundu kwa sosi ya nyanya, na juu yake soseji iliyokatwa vipande. Nilifunga macho nikala, maana nilikuwa nimeamua sitapeleka nyumbani kitu nisichokionja. Huo sikuupeleka. Nilirudi siku nyingine, nikamwomba asitie nyanya. Akaupika mweupe, umeshikana, ukageuka wote kwa pamoja kwenye sahani kama mkate. Huo niliupeleka, kwa sababu nilishachoka kurudi mikono mitupu.

Mke wangu aliubonyeza kwa mgongo wa kijiko. "Huu ungeutia ndani ya kola isimame," akasema, akalala. Jirani akaumaliza. Yeye tu ndiye aliyekuwa ananenepa kwa juhudi zangu. Yeye na mimi.

Siku zilikuwa zinakwenda na kliniki inakaribia. Nikiwa barazani mteja mmoja, fundi wa reli mpya aliyeleta suruali kupunguzwa, aliniambia wao wanakula kwa mama mmoja wa Kichina nyuma ya stesheni, banda la mabati, na kwamba anayepika hasa ni mama wa Kinyamwezi aliyefundishwa kambini kwa Wachina wa reli, upande wa Usoke. Suruali yake niliishona papo hapo, nikamfuata nyuma nyuma.

Palikuwa na viti vya plastiki. Hapakuwa na pazia. Nikaketi karibu na dirisha la jikoni, nikaagiza, sahani ikaja, nikatia kijiko.

Punje zilikuwa zimeachana. Yai lilikuwemo, vipande vidogo vya dhahabu. Kitunguu cha majani. Na ule moshi, kwa mbali, kama mtu amekaanga kitu nyumba ya tatu. Nilikula vijiko vitatu, na sioni haya kusema machozi yalinilenga. Nikageuka dirishani kumwambia mpishi anifungie sahani nyingine ya kubeba, ndipo nikamwona anafungua friji, anatoa sufuria la wali uliolala, mkavu, baridi, anauvunjavunja mabonge kwa vidole.

"Mama, huo ni wa lini?"

"Wa jana," akajibu, wala hakugeuka.

Yaliyofuata umeshayasikia. Nilisimama. Nilisema, "Mnatulisha kiporo! Watu wazima, mchana kweupe!" Nilisema nina mgonjwa nyumbani. Nilisema hata neno kuhusu mama yangu na kuni mbichi. Nikaisukuma sahani dirishani, karibu yote ikiwa imejaa, na wale wajenzi wakabaki vijiko hewani. Mpishi aliipokea, akaniambia kwa upole tu, "Sawa, mzee wangu," na huo upole ndio ulionisindikiza njia nzima.

Mke wangu alikuwa dirishani. "Umeupata?"

Nikamsimulia nikijitia fahari, nikitumaini nitasifiwa hata hivyo.

"Uliuonja?"

"Niliuonja."

"Ulikuwaje?"

Na mimi, kwa kuwa sijui kusema uongo haraka, nikamweleza: punje, yai, majani, moshi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukaurudisha."

"Ulikuwa kiporo, mama watoto!"

"Nilikuagiza wali," akasema. "Sikukuagiza umri wake." Akajigeuza akatazama ukuta, na nikaona mabega yake yalivyochongoka ndani ya gauni nililoliingiza mara mbili.

Basi nikajitia mpishi. Nilinunua mchele mpya wa sokoni, ule ukichemka mtaa mzima unajua, nikaupika, nikaumwaga ungali unafuka ndani ya mafuta ya moto pamoja na mayai. Nilikoroga kwa nguvu za mtu anayetubu. Ukawa gundi. Ungebandikia matangazo ya mikutano ya injili mji mzima. Mke wangu alikula vijiko vitatu kwa huruma, na huruma yake niliiona. Wali mwingine mweupe, ambao sikuuweka kwenye mafuta, niliuacha sufuriani nikaenda kulala na aibu yangu.

Asubuhi nilifunua sufuria. Nikatia kidole. Punje zikaachana. Zilibingirika pembeni ya kidole, moja moja, kavu, kila moja na njia yake, kama alivyosema mke wangu. Nikaketi chini pale pale jikoni, kifuniko mkononi. Mimi, niliyekula kiporo miaka yote ya maisha yangu, sikuwahi hata mara moja kukitazama.

Sikujaribu kuukaanga. Nilishajijua. Nikavaa viatu, nikaenda nyuma ya stesheni.

"Mzee wa kiporo huyo!" mjenzi mmoja akapaza sauti kabla sijafika mlangoni. Mwingine akavuta sahani yake karibu: "Jamani, ficheni, atatunyang'anya!"

Nilikwenda moja kwa moja dirishani. Nilimwamkia mpishi kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nikitumaini lugha ya nyumbani itanitetea. Akaitikia vizuri, akaendelea kukata vitunguu.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

"Mimi hujanikosea. Umekuja kula?"

"Nimekuja kuchukua wa mgonjwa."

"Leo nina wali wa leo, ndio kwanza unaiva. Nikupe huo? Mgonjwa apikiwe upya." Hakuwa anacheka, lakini kisu kilikuwa kinacheka.

"Hapana. Ule mwingine."

"Upi?"

"Ule... uliolala."

"Sikusikii, mzee wangu, jiko hili lina kelele."

Wajenzi wote walishageuka wanasubiri. Nikavuta pumzi. "Naomba kiporo!"

Banda zima likapasuka. Mtu alipiga meza. Mpishi ndipo akatabasamu, akafungua friji. Alinisogeza karibu na dirisha nione: mabonge yanavunjwa kwa vidole, karai linaachwa mpaka lianze kutoa moshi, yai kwanza, kisha wali, mkono hautulii. "Wali wa mchele wetu huu ukiwa wa moto una maji mengi," akaniambia. "Ukiukaanga unalia. Uache ulale, uamke mkavu. Huko kambini nami siku ya kwanza niligoma kama wewe. Nilisema siwezi kumpa mtu kiporo, mama yangu atanionaje." Akajaza kopo, akaongeza kijiko kimoja juu, akalifunga. "Mwambie mgonjwa apone."

Nilitembea haraka kuliko nilivyowahi kutembea tangu shuleni. Nikamwekea mke wangu sahani mapajani, nikatoka nikaketi kwenye cherehani, nikatia uzi kwenye sindano, ukatoka, nikatia tena. Sikutaka kumwangalia. Nilisikiliza. Kijiko kikagonga. Kimya. Kikagonga tena. Halafu vikawa vinafuatana, na mwishoni nikasikia kijiko kinakwangua sahani tupu, sauti ambayo nyumba yetu ilikuwa imeisahau.

"Baba watoto," akaita, "kesho utakwenda tena?"

Nilikwenda kesho, na keshokutwa, nikawa naingia banda lile bila kuulizwa ninataka nini. Baada ya wali ikaja hamu ya maharage, kisha hamu ya mlenda, kisha hamu ya kunigombeza kwa sauti kamili. Siku ya kliniki muuguzi alimpandisha kwenye mizani, akaitazama, akamshusha, akampandisha tena. "Dar tumeifuta, mama," akasema.

Siku hiyohiyo nilitoa magauni yake barazani nikaanza kufumua mishono ya ubavuni, ile ya pili kwanza, kisha ile ya kwanza. Jirani akaja na beseni lake la vitumbua, akasimama kuniangalia.

"Unayaachia?"

"Nayaachia. Ameongezeka."

"Wali umeupata wapi mwisho wake?"

Mtu akiwa na furaha hana akili. Nikamsimulia yote: banda, friji, vidole, jinsi nilivyopiga kelele kuomba kiporo mbele ya watu. Hakucheka. Alishusha beseni, akashika kiuno, akanitazama kama siku ile ya bakuli, kisha akasema:

"Kumbe kiporo changu ulikikataa kwa sababu nilikuletea mlangoni bure."