Mguu wa Trepie

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, barabara ya kutoka Rutshuru kuja Goma imejaa watu kupita siku yoyote ya soko. Vita vilikuwa vimetufikia asubuhi, na kila nyumba ilikuwa imejitwisha ilichoweza. Nakuhadithia haya kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu yako kamera unayoitamani, na lenzi zake, na trepie ndefu, kile kigoda cha miguu mitatu cha kusimamishia kamera, ukaniuliza ipi inafaa kwa kupiga nyota. Sikukujibu. Mzee akinyamaza usidhani amelala. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Wakati huo nilikuwa kijana, na picha ndizo zilizonilisha. Mchana nilipiga milima na mashamba, watu wakazitundika sebuleni, maparokia yakazitia kwenye kalenda. Usiku nilipiga nyota kwa ajili ya roho yangu. Ilikuwa kamera ya filamu. Ukiiacha wazi muda mrefu bila kutikisika, nyota zinachora mistari angani, na hakuna aliyekuwa anapiga picha za namna hiyo kwetu. Kwa kazi hiyo nilikuwa na trepie ya chuma niliyoachiwa na mpiga picha mmoja mzee wa Butembo, nzito hata bega langu la kulia linaikumbuka mpaka leo. Mguu wake mmoja ulikuwa umechakaa kwenye kifungo. Nilikuwa nimeufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kama tunavyofunga kila kitu huku kwetu.

Siku ile mama yangu alitangulia, mtoto mchanga mgongoni na godoro kichwani. Aligeuka mara moja tu, akanionyesha Riziki, mdogo wangu, aliyekuwa bado hajaanza shule.

“Mushike mutoto,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

Nilisema ndiyo, mwanangu, lakini tazama mikono yangu. Wa kulia ulishikilia trepie begani. Wa kushoto ulibeba sanduku la kamera na lenzi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilitaka kushika tatu. Basi nikamwambia Riziki ashike mguu wa trepie uliokuwa unaning’inia nyuma yangu. “Shika hapa, usiachie,” nikamwambia. Akaushika kwa mikono yote miwili. Tukaenda hivyo mpaka Kibumba, na nilijiona mjanja.

Tulipopita Kibumba lori moja lilijipenyeza katikati ya watu, likipiga honi, na sisi sote tukasukumwa pembeni kwenye mawe. Vumbi lilipotulia nikaendelea kutembea. Nilihisi mzigo umepungua uzito. Nikafurahi, nikafikiri bega limezoea. Nilitembea na furaha hiyo kipande kizima cha barabara kabla ya kugeuka, na nilipogeuka niliona miguu miwili mizima na wa tatu umekatikia kwenye kifungo, bomba tupu na kipande cha mpira kikicheza upepo. Riziki hakuwepo.

Niliogopa. Sijui neno jingine, na nimekuwa na miaka mingi ya kulitafuta. Nilianza kurudi nyuma, na kurudi nyuma katika watu wanaokimbia ni kama kupanda maporomoko ya maji. Nilimwita, lakini kila mtu alikuwa anaita wake. Mama yangu alikuwa mbele huko akiamini ndiyo yangu.

Kilichoniokoa ni kitu kilichong’aa. Juu ya vichwa na magodoro niliona kipande cha chuma kimeinuliwa wima, kinapigwa na jua. Chini yake alikuwa Riziki, na chini ya Riziki alikuwa mama mmoja mnene aliyembeba mabegani. Baadaye nilijua jina lake, Mama Kahindo, mchuuzi wa maharagwe kutoka Butembo aliyekutwa na vita safarini. Ndiye aliyemwambia mtoto aunyanyue ule mguu juu, aliyeupoteza atauona.

“Huyu mutoto ni wa nani?” akaniuliza, bila kumshusha.

“Ni mudogo yangu, mama.”

“Na kwa nini alikuwa anashika chuma?”

Nikaeleza. Nikaeleza kifungo kilivyochakaa, na mpira wa baiskeli, na lori, na watu walivyotusukuma. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ya chuma nimesikia,” akasema. “Miye sikuuliza namna chuma ilikatika. Mukono yako ilikuwa wapi?”

Hakungoja jibu. Alimshusha Riziki, akamfuta vumbi usoni kwa pembe ya kitenge, akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama anayenielekeza njia: “Miye nimekimbia mara mingi. Mutu wa kukimbia anabebaka mizigo na mukono moja. Ile ingine ni ya mutu.”

Niliitazama trepie yangu. Mchana ule ilikuwa kigoda cha miguu miwili, hakimsimamishi yeyote. Nikailaza juu ya mawe ya volkano kando ya barabara, sanduku nikalivaa begani kwa kamba, nikamshika Riziki mkono. Nilitaka na ule mguu tuutupe. Akakataa katakata, akaukumbatia mpaka Munigi. Huko mama yetu, aliyekuwa akitungoja, alitukuta tumeshikana mikono, hakuuliza kitu, nami sikusema. Usiku ule tulikula maharagwe ya Mama Kahindo, aliyelala karibu nasi. Asubuhi alikuwa amekwenda zake, sikumwona tena.

Tangu hapo sikupiga nyota. Vita viliondoka vikarudi, vikabadilisha majina, na mimi nikabaki mpiga picha wa mchana: ziwa la Lac Vert asubuhi maji yakiwa yametulia, vilima vya Sake baada ya mvua. Watu wakiniuliza habari za nyota, nilisema filamu zimeadimika. Zilipokuja kamera zisizotumia filamu, nikasema taa za mji zimekuwa nyingi. Asiyetaka hakosi sababu. Ukweli ni kwamba niliona haya, na niliona ni haki nilikose anga, iwe adhabu yangu mwenyewe na nisimwambie mtu.

Riziki alikua, akaolewa, akapata parsele yake, kiwanja cha kujenga, huko Munigi. Na ule mguu wa trepie unaujua, mwanangu, umeuona mara nyingi bila kuuona. Ndio uliobeba pazia la sebule yake. Kila Noeli nilikaa chini ya pazia lile, nikala, nikashukuru, nikaenda nyumbani.

Kisha jioni moja, si zamani, umeme ulikatika tukiwa tumekaa nje kwake baada ya chakula. Mji mzima ulizima, na nyota zikatoka zote pamoja juu ya mlima Nyiragongo. Tulizitazama. Halafu akauliza:

“Yaya, kwa nini uliachaka kupiga nyota?”

Yaya ndivyo anavyoniita tangu utotoni, mimi mkubwa wake. Nikaanza ile hadithi yangu ya taa za mji. Akanikatiza.

“Ni juu ya miye, eh? Juu niliachia. Ulinambia nisiachie.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe tangu siku ile, mama mzima huyu mwenye watoto wake, alikuwa anaamini kwamba mkono wake mdogo ndio uliolegea, kwamba trepie ilipotea kwa sababu yake, na kaka yake akaacha kitu alichokipenda. Mimi nilijihukumu kimya, nikadhani nalipa peke yangu. Aliyekuwa analipa ni yeye. Moyo uliniuma, mwanangu, kuliko ulivyoniuma barabarani, maana kule nilimtafuta mpaka nikampata, na huku sikuwa nimemtafuta kabisa.

“Riziki,” nikamwambia, “haukuachia. Chuma ndiyo iliachia. Weye ulishika mupaka mwisho. Unaishika mupaka leo, iko pale kwa dirisha.”

Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Nikamwambia na lile lililobaki, kwamba ni mkono wangu uliokosekana, wala si wake. Tulipomaliza akasema basi nipige nyota sasa.

“Trepie iko wapi?” nikasema.

Akaingia jikoni kwa tochi, akarudi na mfuko mdogo wa maharagwe. Mimi nilikuwa na kamera yangu ya kila siku, ile inayoingia mfukoni mwa koti. Tukauweka mfuko juu ya ukuta wa mawe, nikaubonyeza katikati ukawa kiota, kamera nikailaza humo ikitazama juu. Nikaitega ijipige yenyewe baada ya muda kidogo, kidole changu kisiitikise. Kamera ikafungua jicho lake.

Hapo, mwanangu, mpiga nyota hana kazi. Nilisimama pale, mikono yote miwili mitupu, sijui niiweke wapi. Riziki akaushika mmoja. Tukangoja hivyo mpaka kamera ilipolia.

Si picha nzuri sana. Kamba ya nguo za watoto wake imekatiza mlima, na ule ukanda mweupe wa nyota umeanza kuliwa na wingu. Ndiyo iliyo ukutani kwangu, na tangu jioni ile ninapiga nyota tena.

Sasa nakujibu. Nunua kamera ndogo. Lenzi moja pana inatosha anga lote. Tochi uifunge kitambaa chekundu ili macho yako yasisahau giza. Na chukua maharagwe, maana barabara ikiharibika hutayalilia, utayala. Kabla hujatoka nyumbani, simama mlangoni na vyote ulivyobeba kwa mkono mmoja. Ukiona wa pili nao umekamatwa, rudi ndani upunguze. Na ukimkosea mtu, mwambie yeye mwenyewe, mapema, kwa mdomo wako. Usiache unachokipenda ukadhani kimya chako ni malipo, kwa maana anayekupenda atakitafsiri kimya hicho, na atajitafsiria vibaya.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe usiku usio na risasi na anga lisilo na mawingu. Akupe macho ya kuona mbali na miguu ya kurudi nyumbani. Na siku njia zitakapojaa watu, akukute mkono mmoja uko mtupu, na asikunyime wa kuushika.