Goretti aliezua lami, akaezeka bati

Saa moja na nusu asubuhi. Maduka ya Alum Rock, mtaa mmoja wa Birmingham, Uingereza, yanaanza kufunguliwa, na kijana wa duka la mboga anapanga mafungu ya giligilani kando ya barabara. Juu kabisa, kwenye paa la duka la vitambaa, Goretti Nabintu amepiga goti moja, kamba ya usalama kiunoni, anachomoa kigae kilichopasuka.

Anakigeuza, anakitazama, anakitupa kwenye ndoo. Kisha anaanza kupapasa mbao zilizo chini yake kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo gizani.

“Maji yaliingilia hapa,” anasema, “lakini dari ya mwenye duka imelowa kule mbele, karibu na dirisha. Maji hayaangukii pale yanapoingilia. Yanatembea kwanza.”

Goretti ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Ni mzaliwa wa Walungu, nje kidogo ya Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ni mke wa Gédéon, dereva wa basi, na mama wa Rosine, msichana wa miaka kumi na mitano anayeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu yote kwa Kiingereza. Pia ni fundi wa mapaa, kazi ambayo hata ndugu zake wa kanisani walichukua muda kuiamini.

Alipofika Birmingham kutoka kambi ya wakimbizi nchini Uganda, alipata kazi ya kutunza wazee. Aliwaosha, akawalisha, akawageuza vitandani, kwa ujira wa pauni kama tisa kwa saa. Familia ilikuwa imepanga nyumba mtaa wa Lozells, na kila majira ya baridi maji yalivuja juu ya kitanda cha Rosine. Mwenye nyumba alileta mafundi, wakapaka kitu cheusi, wakaondoka. Mvua iliyofuata, maji yalirudi palepale.

“Nilikuwa nasogeza kitanda cha mtoto kila mara, mpaka chumba kikaisha,” anakumbuka. “Nikajiambia, bon, mimi mwenyewe nitajua hii maji inapita wapi.”

Nafasi ilikuja siku mafundi walipokuja kutengeneza paa la makao ya wazee alikokuwa akifanya kazi. Goretti aliwapelekea chai, kisha akamwomba mkubwa wao, Parminder, ampandishe aone. Parminder, mzee wa Kipunjabi aliyezaliwa mtaa wa Balsall Heath na kukulia juu ya ngazi za baba yake, naye fundi wa mapaa, alidhani ni utani. Alipoona mama huyu ameshavaa kofia ngumu na kushika ngazi, akamwambia aje Jumamosi.

Alienda Jumamosi hiyo, na zilizofuata. Baada ya mwaka mmoja aliacha kazi ya wazee, akasomea uezekaji chuoni jioni, akawa mwajiriwa wa Parminder. Leo hii hakuna aina ya paa mjini humo ambayo mikono yake haijaigusa.

Paa lililomtoa jasho kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la nyumba yake mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita, Goretti na Gédéon walinunua nyumba ndogo ya mbao mwishoni mwa kichochoro, huko Balsall Heath. Ilikaa sokoni muda mrefu bila mnunuzi. Kila aliyekuja kuitazama aliinua macho, akaliona paa, akageuza gari. Lilikuwa limeezekwa vigae vya lami, vile vipande vyepesi vinavyopigwa misumari kwa safu, na sehemu kubwa vilikuwa vimejikunja na kuota majani ya kijani mazito kama zulia.

Kwa nyumba nyingi za Birmingham jibu lingekuwa rahisi: weka vigae vya udongo. Lakini kuta za mbao za nyumba ile zisingebeba uzito huo. Zilibaki njia mbili tu. Ama warudishe vigae vya lami, vipya, ama waezeke bati.

Gédéon hakutaka hata kusikia neno bati. Alikulia chini ya bati Bukavu, akaishi chini ya bati kambini, na kwake yeye bati lilikuwa ni jina jingine la umaskini. Aliuliza ni nani anayevuka bahari yote ile ili aje kujenga nyumba ya kambini Uingereza. Wageni wa kanisani wangesema nini?

Parminder naye alikuwa na mawazo tofauti. Alimweleza Goretti kwamba mteremko wa paa lile ni mdogo, na mti mkubwa wa jirani unalitia kivuli mchana kutwa. Vigae vya lami hupenda mteremko mkali na jua la kuvikausha. Hapo vitaota majani tena, alisema, na utapanda tena.

Goretti alijua Parminder anasema kweli. Mikono yake ilitaka bati. Lakini alikubaliana na mumewe, kwa sababu ambayo hakumwambia mtu.

Sababu hiyo ilikuwa mama yake.

Mama Jeannine, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, alikuwa ndiyo kwanza amewasili kutoka Uganda baada ya miaka mingi ya kungoja ruhusa. Mwaka 1996, Goretti akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, watu wenye silaha waliingia kijijini kwao alasiri moja ya mvua kubwa. Baba yake alikuwa ametoka kutafuta mbuzi. Hakurudi. Goretti, mama yake na mdogo wake Sylvestre walilala kifudifudi chini ya kitanda, na kitu pekee alichokisikia Goretti saa zote zile ni mvua ikipiga bati.

“Nilisema, siwezi kumtoa Mama kule kote, halafu nimlaze tena chini ya ile sauti,” anasema.

Kabla ya kugusa nyumba, alifanya jambo moja la kifundi. Alikuwa na mabaki ya vifaa kutoka kazi mbalimbali, akaliezeka banda la bustanini nusu kwa nusu: upande wa kushoto vigae vya lami, upande wa kulia bati la chuma lililotengenezwa kwa umbo la vigae. Alitaka kuona majira ya baridi yatasema nini. Gédéon alimwambia majirani watadhani fundi aliishiwa akili katikati ya kazi.

Mvua za vuli zilipoanza, familia iliona jambo la ajabu. Kila iliponyesha, Mama Jeannine alichukua kiti chake cha plastiki, akajifunga kitenge juu ya koti, akaenda kukaa bandani. Alikaa kati ya baiskeli na makopo ya rangi mpaka mvua ikatike. Rosine alimwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba bibi ana huzuni, tumpeleke kwa daktari. Goretti aliogopa vivyo hivyo.

Jumapili moja, wametoka kanisani, mvua ikashuka na mama akatoka na kiti chake. Goretti alimfuata. Alimkuta amekaa upande wa kulia, chini ya bati, macho amefumba.

Alimwomba arudi ndani. Akamwambia asiwe na wasiwasi, nyumba haitaezekwa bati, hatasikia tena kelele zile.

Mama Jeannine alifumbua macho. Kwa mujibu wa Goretti, alimtazama kama mtu anayeambiwa habari za nyumba nyingine.

“Nani amekuambia mimi naogopa bati?” aliuliza.

Goretti alimkumbusha ile alasiri. Ndipo mama akamweleza jambo ambalo hakuwahi kulisema, kwa sababu alidhani binti yake analijua.

“Wale watu walisimama kwenye baraza yetu kujikinga mvua,” alisema. “Kati yetu na wao ulikuwa mlango tu, basi. Na Sylvestre alikuwa na kikohozi, unakumbuka? Alikohoa, mama, alikohoa sana. Mimi nilimfunika mdomo mpaka nikaogopa atakufa mikononi mwangu. Lakini hawakumsikia. Bati lilipiga kelele kuliko yeye. Hii sauti ndiyo ilinibakizia watoto wawili.”

Sylvestre sasa ni muuguzi Kampala, na ana watoto wanne.

Goretti alikaa chini, juu ya kopo la rangi. “Miaka yote nilifikiri ni Mama anaogopa,” anasema, na hapa fundi huyu anayetembea kwenye ukingo wa ghorofa bila kutetemeka anafuta macho kwa mkono wa koti. “Kumbe ni mimi. Tulikuwa chini ya kitanda kimoja, tukasikia mvua moja, kila mtu akatoka na yake.”

Mvua ilipopungua, mama alimwambia neno moja zaidi: “Weka bati. Nataka kulala vizuri.”

Kilichobaki kilikuwa kumgeuza Gédéon, na hilo upepo ulilimaliza. Mwezi wa pili dhoruba ilipita Birmingham, na asubuhi vigae vya lami vya upande wa kushoto vilikuwa vimetapakaa bustanini, huku upande wa kulia haujachomoka hata skrubu. Goretti ni mwepesi kusema kwamba vigae hivyo si vibaya. Amewaezekea wateja wengi na vimekaa. Vilikuwa mahali pasipo pao tu. Gédéon aliokota vipande vyote mwenyewe, akavitia kwenye pipa, akauliza bati lina rangi gani.

Waliezua paa la zamani mwezi wa tano. Parminder alikuja na mafundi wake, akatangaza mbele ya wote kwamba hapo yeye ni kibarua na mwenye amri ni Goretti. Wengine walicheka. Hawakucheka muda mrefu.

Mchana, nyumba ikiwa wazi kabisa na vyumba vinatazama mbingu, wingu jeusi lilijitokeza upande wa mjini. Utabiri ulikuwa umeahidi jua. Chini walikuwa wametoa mbao zilizooza na kuweka mpya, lakini juu hakukuwa na kitu ila hewa.

Parminder alimgeukia Goretti. “Tufunike au tuendelee, bosi?”

Lilikuwa neno la kawaida la kazini, lakini hakuwahi kuitwa hivyo. Goretti alipima wingu, akapima rundo la mabati, akaamua. Wawili wafunike upande wa vyumba vya kulala kwa maturubai. Waliobaki watandike karatasi ya kuzuia unyevu upande wa upepo na kupandisha bati palepale, kuanzia chini kwenda juu. Yeye alishika drili. Gédéon, ambaye hajawahi kupenda ngazi, alisimama katikati ya ngazi akipitisha mabati juu ya kichwa chake.

Tone la kwanza lilipoanguka, Goretti alikuwa akikaza skrubu ya mwisho ya upande ule. Mvua ilinyesha kwa nguvu, ikateleza juu ya chuma, ikaingia kwenye mfereji. Ndani hakukulowa godoro hata moja. Mafundi walijibana ukumbini wakipiga makofi, na Mama Jeannine akawagawia sambusa alizokaanga.

Walimaliza kesho yake. Chini ya bati Goretti aliweka sufu nene ya kuzuia baridi, na njia za hewa ili bati lisitoe jasho kwa ndani. Mkaguzi wa majengo alizunguka, akapanda, akashuka, akaidhinisha. Kwa sufu ile, mvua ndani ya nyumba imekuwa mnong’ono. Ila chumba kimoja, kwa ombi la mwenyewe, kina sufu nyembamba zaidi. Ni cha mama.

Novemba iliyopita upepo mkali ulirudi. Mtaani kwao uzio ulianguka, vigae vya nyumba tatu vilivunjikia barabarani. Kwa Goretti hakikusogea kitu. Asubuhi majirani walisimama kichochoroni wakiitazama nyumba ambayo hakuna aliyeitaka, na wawili kati yao wakaomba namba yake ya simu. Gédéon ndiye aliyewapa. Siku hizi, wageni wa kanisani wakifika, huwazungusha nje kwanza walione paa kabla hawajapewa soda.

Mwezi wa kwanza Goretti alisajili kampuni yake. Parminder, anayekaribia kustaafu, amemwachia jukwaa lake la vyuma la kupandia na baadhi ya wateja. Wanawake wawili, mmoja Mkongomani na mmoja Mkenya aliyechoka zamu za hospitali, wamekwisha kuanza kujifunza kwake.

Kazi yake kubwa ya kwanza ni ukumbi wa kanisa lao Lozells, ambao paa lake limekuwa likivuja tangu Goretti ahamie mjini. Kamati ilimwita, ikamsikiliza, na mmoja wa wazee akataka kujua ataleta wanaume wangapi wa kumsaidia.

“Nilimwambia, papa, nitaleta watu wanaojua kazi,” Goretti anasema, akishika ngazi tayari kupanda tena. “Tunaanza mwezi wa nne. Na wa kwanza kupanda ni mimi.”