Nilivyopiga makofi siku mwalimu wetu anahamishwa: yaliyonikuta nikiwa mwenyekiti wa kamati ya shule, Mbinga

Wakuu, nawasalimu kwa heshima. Wadogo zangu marahaba, na kama humu kuna walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni mzee wa Mbinga, upande wa Mpepai. Huwa nasoma tu humu na kuondoka kimya kimya. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Juzi kuna kijana, ni mwalimu, ameuliza afanye nini ili wazazi washiriki mambo ya shule. Wengi mmemshauri awatoze faini wasiohudhuria mikutano. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu hiyo dawa mimi niliitumia, na iliyokufa ni shule.

Nitakayosimulia niliyafanya mwenyewe, hakuna aliyenituma. Majina nimeyabadili. Wenyewe wakisoma watanitambua, na wana haki ya kunisahihisha hapa hapa.

Twende.

Ilikuwa miaka ile soko huria linaingia. Zamani kahawa yetu yote ilipita ushirika, na ushirika ulikuwa unakata kidogo kwa ajili ya shule, mzazi hata hajui. Wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, wakalipa taslimu barabarani. Tukafurahi sana. Tukanunua redio na mabati.

Shule ndiyo ikabaki haina mwenyewe.

Ndipo likaja neno jipya kutoka juu: kushirikisha wazazi. Nilikuwa na kidato cha nne, nadra sana kijijini kwetu wakati huo, na nilikuwa na koti. Nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Nadhani koti lilipata kura nyingi kuliko mimi.

Sasa shida yenyewe. Tulikuwa na mwalimu wa darasa la kwanza, nimwite Mwalimu Generosa. Mmatengo mwenzetu. Watoto wetu walikuwa wanaanza shule hawajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Kwa walimu wengine walikaa kama magunia. Yule mama alianza nao kwa Kimatengo, akawachekesha, akawaimbisha, na kabla hujajua Kiswahili kimeingia na kusoma kumeingia. Mwanangu wa mwisho, Yustina, alikuwa ndiyo kwanza ameingia darasani kwake. Akirudi nyumbani alikuwa anawasomea mbuzi.

Mwalimu huyo alikuwa analala stoo ya shule, pamoja na majembe na mifuko ya chokaa. Paa linavuja. Siku moja akaniita pembeni.

"Mwenyekiti, kifua changu mvua nyingine humu hakiiwezi. Kuondoka sitaki. Lakini bila nyumba itabidi niombe uhamisho."

Nikamwambia, "Mwalimu, lala usingizi. Wazazi nitawashirikisha."

Nikaitisha mkutano. Walikuja akina baba wachache, wakakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Nikahutubia. Nikauliza, tunakubaliana tujenge nyumba ya mwalimu? Wakasema tunakubaliana. Kwa kauli moja, nikaandika hivyo kwenye muhtasari. Tukaenda kunywa.

Tofali halikuonekana hata moja.

Nikaona labda mkutano haukuwa wa kienyeji vya kutosha. Huku kwetu tuna sengu, ule mlo ambao wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa mzee wao na kuzungumza mambo ya ukoo. Nikaanza kuzunguka sengu moja baada ya nyingine. Kila nilipofika nilikaribishwa ugali na maharage, kila nilipofika walikubaliana nami. Nilinenepa msimu ule. Mke wangu akawa anasema maendeleo yamenikaa.

Tofali, hakuna.

Hapa nieleze kitu kimoja pembeni kwa wasiofahamu kilimo chetu. Tunalima ngoro, mashimo yale ya milimani. Mwanaume anafyeka majani na kuyapanga miraba miraba. Mwanamke ndiye anayechimba na kuyafukia udongo. Sehemu ya mwanaume inaisha mapema, anakwenda zake. Sehemu ya mwanamke ndiyo shamba lenyewe.

Mikutano yangu yote niliifanya na wapanga majani. Wake zao walikuwa wanaleta chakula mlangoni na kurudi jikoni, na mimi, msomi, nilikuwa nasema asante mama, naendelea kushirikisha wazazi.

Basi nikaja na faini. Asiyehudhuria, mgambo anachukua kuku; tukaanza na waliokosa mkutano uliopita.

Mahudhurio yalipanda, wakuu. Mkutano uliofuata palijaa, hadi akina mama walikuja kuokoa kuku wao. Nikafurahi mno. Nikahutubia mpaka jua likageuka. Nikauliza kama kuna mwenye swali.

Kimya.

Mama mmoja, nimwite Mama Kosmas, mjane, mwenye mdomo, alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, mimi nauliza kuku."

Watu wakacheka. Nikamwambia hoja ya kuku haipo kwenye ajenda, tuzungumze maendeleo.

"Na yeye ndiyo alikuwa maendeleo yangu," akasema, akakaa.

Kicheko kile kilinikera sana. Badala ya kumuuliza anaonaje habari ya nyumba, nikafunga mkutano kwa sala.

Mvua zikawa zinakaribia. Hapo tukaambiwa kutakuwa na siku ya wazazi, na mgeni rasmi atakuja kutoka mjini kuona jinsi wazazi wanavyoshiriki. Nilishikwa na joto. Cha kumwonyesha sina.

Jirani na shule palikuwa na kanisa la kigango, na waumini walikuwa wamechoma matofali mazuri sana ya kujenga nyumba ya padri akija kutembelea. Tanuru zima. Mpaka wa shule na kanisa ulikuwa ni mawe tuliyoyapaka chokaa.

Kuhamisha matofali ni kazi. Nikahamisha mpaka.

Mimi na wajumbe wawili wa kamati tuliyabeba yale mawe meupe, tukayazungusha upande wa pili wa tanuru. Katekista alitukuta. Akatazama mawe, akanitazama mimi.

"Baba Yustina, dunia inatembea siku hizi."

Nikamwambia ni kwa siku moja tu, kwa faida ya watoto. Akaguna, akaenda zake.

Siku ikafika. Akina baba kwenye mabenchi, akina mama nyuma ya madarasa wanapika, maana mgeni lazima ale. Kwenye ratiba niliandika: wazazi wote watakuwepo. Watoto wa Mwalimu Generosa wakasoma ubaoni kwa sauti, Yustina wangu akiwa mbele. Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikampeleka kwenye matofali. Akayagonga kwa fimbo yake, yakalia vizuri, ya kanisa yale.

"Haya yote wazazi?"

"Wazazi, mheshimiwa."

Wala huo haukuwa uongo mgumu. Wazazi ndio walioyachoma kweli, ila kwa ajili ya padri.

Basi mgeni akasimama kuhutubia. Akatusifu. Akasema kijiji hiki ni mfano, nyumba ya mwalimu iko mlangoni, wazazi hawa wanajiweza. Akasema huko mwambao wa ziwa kuna shule ambayo wazazi wamelala kabisa, darasa la kwanza halina mwalimu. Kwa hiyo, kwa kuwa ninyi mmeamka, huyu mwalimu bingwa tutampeleka kule kwenye shida, na ninyi kwenye nyumba yenu mpya tutawaletea mwingine.

Nikapiga makofi.

Nilikuwa wa kwanza. Mikono ilikuwa imeshazoea, kila mgeni akinyamaza inapiga yenyewe. Mabenchi yote yakafuata. Makofi yalikuwa mengi mno, kama ya harusi, na katikati yake ndipo maneno yakanifikia kichwani.

Mwalimu Generosa alikuwa amesimama na watoto wake. Hakupiga. Alinitazama tu.

Mgeni akanigeukia. "Mwenyekiti, una neno?"

Hapo ndipo, wakuu. Sentensi moja tu ilitosha: mheshimiwa, matofali ni ya kanisa, nyumba hatuna, usituchukulie mwalimu. Ningeaibika mbele ya watu, labda ningevuliwa uenyekiti, jioni ningekwenda kulala.

Nikasema, "Tunashukuru sana, mheshimiwa."

Nyuma ya madarasa akina mama walisikia makofi bila kusikia hotuba. Mama Kosmas akatoka na mwiko mkononi. "Wamefurahia nini?" akauliza. Mtu akamwambia. Alisimama pale mpaka mchuzi wa maharage ukadondoka wote kwenye kanga.

Kesho yake asubuhi walikuja kwangu, akina mama wengi kiasi cha kujaza uwanja. Hawakuitwa na mgambo.

"Tuvae twende mjini," Mama Kosmas akasema. "Ukamwambie mgeni yale matofali ni ya padri."

"Mama, serikali ina taratibu zake."

"Na mawe ulihamisha kwa taratibu gani?"

Nikawaambia nasikia homa, malaria imenipanda. Nikaingia ndani nikajifunika blanketi, mchana kweupe. Mke wangu alinitazama, akachukua kitenge chake, akatoka kwenda nao.

Walidandia lori la mnunuzi wa kahawa mpaka Mbinga mjini. Walirudi jioni. Waliambiwa malalamiko yamesikika, ila mwakilishi wa wazazi ni mwenyekiti, aje mwenyewe.

Mwenyekiti alikuwa na malaria. Iliniuma mpaka mwalimu alipoondoka.

Kabla ya hapo kuna jambo walilifanya ambalo hadi leo likinijia naacha kula. Walifanya ngokela, ile kazi ya kusaidiana mashambani ambayo mwenye shamba anapika pombe na wenzake wanakuja. Pombe akapika Mama Kosmas. Wakachota maji, wakakanyaga udongo, wakawaamsha waume zao kufyatua matofali na kupasua mbao. Nyumba ilipanda haraka mno. Waliezeka kwa nyasi nzuri, nene. Hakuna kikao. Hakuna muhtasari. Kuku hawakuguswa, isipokuwa wale waliochinjwa kwa hiari kulisha mafundi.

Nilimuuliza mke wangu kwa nini hawakufanya hivyo tangu mwanzo.

Akasema, "Nani alituambia? Wewe ulikuwa unakuja kula."

Wakatuma ujumbe mjini kwamba sasa nyumba ipo, ya kweli. Jibu likaja kwamba hilo linafahamika, mgeni aliiona mwenyewe siku ile.

Mwalimu Generosa akaondoka mvua zikianza. Akina mama walimsindikiza hadi barabarani wamebeba sanduku lake na godoro. Mimi nilimsindikiza kwa macho, dirishani.

Baada ya muda tukaletewa kijana mpole kabisa, hana kosa lolote. Alikuwa Mnyasa, mtu wa ziwani. Kimatengo hajui hata salamu. Watoto wa darasa la kwanza wakawa wanakaa wanamtazama, kimya, kama wazazi wao kwenye mikutano yangu. Na Mwalimu Generosa kule mwambao alikuwa amepewa watoto wanaosema Kinyasa, ambacho na yeye alikuwa hakijui. Kila upande umeshirikishwa.

Yustina aliacha kuwasomea mbuzi. Kusoma vizuri alikuja kujua akiwa mkubwa, kwa shida, na mpaka leo akitumiwa ujumbe mrefu ananiletea nimsomee. Hajawahi kunilaumu. Hiyo nayo ni adhabu.

Miaka mingi baadaye nilikuwa Kitai nasubiri basi la Songea. Mama mmoja mwenye mvi akaniamkia, "Mwenyekiti." Nikamtambua kwa sauti. Tukanunua mahindi ya kuchoma, tukakaa. Alikuwa amestaafu. Akaniambia Kinyasa alikijua hatimaye, kilimchukua muda, watoto wa mwanzo waliumia.

Akauliza, "Ile nyumba bado ipo?"

"Ipo. Nzuri."

"Anakaa nani?"

Nilitaka kumdanganya, nikaona nimeshadanganya vya kutosha. Yule kijana wa ziwani alipohama hatukupata mwingine wa kukaa.

"Hakuna mtu, mwalimu. Kamati inafanyia mikutano ya wazazi."

Alicheka mpaka akaweka hindi chini. Nami nikacheka. Kisha basi lake likaja, akapanda, nikambebea mfuko wake hadi mlangoni. Ndiyo mara pekee niliyomsindikiza.

Sasa kijana mwalimu uliyeuliza, nakujibu. Usianze na mkutano. Nenda uone nani anachota maji, nani anapika, nani anamkagua mtoto madaftari akiwa amechoka, umuulize yeye anaonaje, na umwache amalize kusema hata akianza na habari za kuku. Na siku mgeni akikuuliza kama una neno, uwe nalo.

Nimemaliza. Walioko vijijini na waliowahi kuwa kwenye kamati za shule, niambieni kwenu ilikuwaje. Wa kunitukana pia karibuni, ila mnitukane taratibu, macho yangu hayasomi haraka.