Mahali pa Kula na Rula

Mdogo wangu wa kiume anaitwa Rula, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na watu waliomwona akiandika ukutani bila kupima, mstari umenyooka kutoka kona hadi kona. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango. Bucha, saluni, duka la dawa, milango ya shule; nusu ya mji wetu iliandikwa na mkono mmoja. Shule aliiacha darasa la tatu. Mimi nilimaliza la saba, na herufi zake za kwanza nilimwonyesha mimi, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni, tukachapwa wote wawili. Nalisema hili kwa sababu watu wakimsifu Rula huwa wanalisahau.

Mkono ule ulianza kutetemeka akiwa juu ya ngazi, anaandika jina la duka la viatu. Akashuka, akamwambia mwenye duka kwamba rangi imemwishia. Kopo lilikuwa limejaa. Alipofika nyumbani aliosha brashi zake kwa mafuta ya taa, akazifunga kwenye gazeti, na mpaka leo hajazifungua.

Tunakaa nyumba moja tangu wenzetu walipotutangulia, kwa hiyo yaliyofuata nayajua. Akaanza kula chumbani kwake, mlango kaufunga. Nikisikia kijiko kinagonga sahani kama mvua juu ya mabati, najua anapigana na mchuzi. Siku moja nikamwambia nikiwa nje ya mlango, "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kiniumbue, Dada, lakini si mezani. Na ukimwambia mtu, mimi na wewe tusijuane."

Sikumwambia mtu.

Basi kitinda mimba wa Rula, binti yake aliyesomea unesi, akapata kazi mji mwingine. Mshahara wa kwanza ulipoingia akapiga simu: twende wote, anataka kukaa meza moja na baba yake, ale jasho la binti yake. Tukaenda. Rula, mimi, mke wa mwanawe mkubwa na watoto wake wawili: msichana aliyeanza sekondari, na kijana wa miaka miwili tunayemwita Waziri, kwa sababu kazi hafanyi, anaamuru tu. Safari nzima Rula mkono wa kulia aliuweka mfukoni. Ukimwona ungedhani ameficha pochi.

Hoteli ya kwanza alituchagulia msichana, kwenye simu yake. Ilikuwa ghorofani, muziki unatoka hadi barabarani. Rula akasimama chini, akatazama juu.

"Ngazi hizi zitaniua."

Mtu aliyeishi juu ya ngazi maisha yake yote!

Ya pili aliichagua nesi mwenyewe. Vitambaa vyeupe mezani, glasi nyembamba zenye miguu. Rula akachungulia ndani, halafu akarudi kulitazama bango juu ya mlango.

"Hebu oneni ile N. Imelewa. Mtu akikubali kuandikiwa N mlevi, mchuzi wake utakuwaje?"

Wote tukacheka, tukaondoka. Lakini mimi nilikuwa nimeyafuata macho yake. Kabla ya N aliviangalia vile vitambaa.

Ya tatu meza zake zilikuwa nje, kandokando ya barabara. "Hapa wapita njia watatuhesabia matonge," akasema. Sasa Waziri analia njaa, mama yake anamhamisha bega hili kwenda bega lile, jua liko utosini.

"Basi Babu, chagua wewe," msichana akasema, na sauti ilikuwa imeshakasirika.

"Mimi sina njaa. Nyinyi kuleni, nitawangoja hapa."

Nesi akanivuta pembeni, kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Machozi yalikuwa karibu.

"Shangazi, niambie ukweli. Baba hataki kula pesa yangu? Nimemkosea nini?"

Hapo nikabanwa. Nikisema, nimemvua nguo ndugu yangu. Nikinyamaza, mtoto wa watu anarudi kwake na jiwe kifuani, na mwakani hatatualika.

"Hujamkosea," nikamwambia. "Wewe kazi yako kulipa. Mahali nitachagua mimi."

Nikatangulia, nao nyuma. Nilijua ninachokitafuta: meza isiyo na kitambaa, benchi lenye kona, na watu wenye njaa zao wasio na muda wa kutazama wengine. Nikapapata nyuma ya duka la misumari na saruji. Mafundi wamejaa, sufuria zinagongana, meza za mbao zimefutwa na zina unyevu bado. Bango halikuwepo kabisa. Rula akatazama juu ya mlango, akakosa N ya kuilaumu, akaingia.

"Pita kule kwenye kona," nikamwambia. "Na wewe, mama Waziri, mlete mtoto akae na babu yake, mikono yako ipumzike."

"Atamchafua Baba, Shangazi."

"Rangi imemchafua tangu ujana. Wali utamfanya nini?"

Mhudumu alipokuja nikaagiza wali, maharage na nyama. "Hawa wawili wa kwenye kona waletee bakuli, na vijiko vikubwa. Sahani hapana."

Rula akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya mkaa, hajui anishukuru au anilaumu. Mimi nikajifanya nahangaika na chumvi.

Chakula kikaja. Waziri akaingiza mkono wote kwenye bakuli, akainua, akamwaga. Halafu taratibu, mkono wa Rula ukatoka mfukoni. Ukashika kijiko. Punje zikadondoka mezani, za mtoto na za mzee, na hakuna ambaye angeweza kuzitenganisha.

"Babu, Waziri kakuharibia shati!" msichana akaangua kicheko.

"Serikali hiyo," Rula akasema, mdomo umejaa. "Utaishtaki wapi?"

Hata mafundi wa meza ya jirani wakacheka. Nesi peke yake hakucheka. Aliutazama mkono wa baba yake jinsi manesi wanavyofundishwa kutazama. Akanitazama mimi. Halafu akainamia sahani yake, akala.

Chai ilipoletwa, nesi alichukua birika akamimina mwenyewe. Kikombe changu alikijaza mpaka ukingoni. Cha baba yake akakiachia nusu.

"Shangazi, mbona Babu umempunja?" msichana akamuuliza nesi.

"Ni ya moto. Ataongezwa."

Rula akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, hakumwaga hata tone. Akakiweka mezani, akakisukuma mbele ya binti yake.

"Ongeza," akasema.

Akamwongezea nusu nyingine.