Sajini na Gunia la Mzee Nyabuto

Mzee Nyabuto wa Magwagwa hakukubali kwamba mbwa wake alilala ndani. Ukimwuliza, angekwambia mbwa ni mlinzi na mlinzi hulala nje, kama yeye mwenyewe alivyolala nje miaka yote aliyolinda kituo cha kununulia majani chai. Lakini Esnah, mke wa mwanawe Mogire, ndiye aliyeamka mapema kuliko wote bomani. Kila alfajiri akienda kukamua ng'ombe, aliona mlango wa mzee ukifunguka kidogo, Sajini akitoka huku anajinyoosha, manyoya yamelala upande mmoja, na mzee nyuma yake akichungulia kulia na kushoto kama mtu aliyeiba kuku.

Esnah alijifanya anatazama ng'ombe.

Tangu mkewe azikwe, mzee aliishi na huyo mbwa tu. Alimkaripia kwa sauti kubwa ili watu wasikie, kisha akampa kipande kikubwa cha ugali. Ijumaa moja jioni Esnah alimsikia akimsomea lesoni ya Sabato, somo la Biblia la juma hilo. Alipofika kwenye swali alinyamaza kidogo, labda mwenzake ana jibu.

Sajini naye alikuwa amezeeka, na kiangazi hicho alianza visa. Alikuja kwa Esnah kila mara, akanywa maji ya vyombo, akanywa beseni la kumwogeshea mtoto, povu na yote. Akishashiba alijilaza karibu na kochi, na alipoondoka sakafu ilibaki na kidimbwi. Mwanzoni Esnah alimshuku bintiye Kemuma. Mtoto alivuliwa nepi kavu mara kadhaa kabla mama yake hajamwomba msamaha.

Mzee hakuweza kuja kumtoa mbwa wake. Kwa Abagusii, baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa, na mke wa mwana hatamki mbele ya baba mkwe mambo ya chooni. Kwa hiyo mzee alisimama kwenye ua, akaupa mlango mgongo, akaita, "Sajini, toka kwa watu." Sajini, ambaye hakuna aliyemfundisha heshima hizo, aliendelea kunywa.

Kule kwa mzee nako, gunia lilianikwa uani kila asubuhi likichuruzika. Ni umande, mzee alisema bila kuulizwa. Umande ulioruka nguo zote kambani ukachagua gunia.

Siku moja Esnah alipompelekea chai barazani, aliona kopo la maji la Sajini limepinduliwa juu chini, kavu kabisa. Hapo akaelewa. Mzee alikuwa amemkatia mbwa maji ili sakafu yake isilowe. Na Sajini alikuwa anakonda, mbavu zinahesabika. Esnah alimpigia simu Mogire, aliyekuwa Kisii kwenye biashara ya ndizi. Mogire alicheka, halafu akasema amwache baba, ataaibika. Esnah aliona kwamba aibu haijawahi kumkausha mtu, lakini kiu huua.

Juma hilo Geoffrey, daktari wa mifugo, alikuja kumtibu ng'ombe. Alipomaliza, mzee alimwonyesha Sajini, kana kwamba amemkumbuka tu njiani.

"Amekonda kidogo. Labda minyoo."

Geoffrey aliuliza kama anakunywa maji mengi. Mzee akasema ni ya kawaida. Aliuliza anakojoa wapi. Mzee alimtupia jicho Esnah, aliyeshika kamba ya ng'ombe na Kemuma mgongoni, kisha akatazama mashamba ya chai ya mbali.

"Nje. Kama mbwa."

Geoffrey akafungua mkoba, akatoa dawa ya minyoo. Esnah alitazama mbavu za Sajini. Kumwambia baba mkwe, Tata kama alivyomwita, hakuweza. Akainamisha macho, akamgeukia mbwa.

"Sajini, mbona humwambii daktari unavyomaliza beseni la Kemuma? Mwambie pia ni nani hulowesha sakafu yangu, maana mwanangu amechoka kusingiziwa."

Ng'ombe peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna. Geoffrey, mtoto wa huko huko, alirudisha dawa mkobani, naye akamwinamia mbwa.

"Na unakolala wewe, Sajini, kukoje?"

Mzee alikohoa. Akalitazama gunia.

"Mwambie," alisema taratibu, "mwambie umande wa mwaka huu ni mwingi." Kisha akavua kofia. "Nilimpunguzia maji, daktari. Nilidhani hayo mengine nayo yatapungua."

Geoffrey hakucheka. Alieleza kwamba mbwa hakojoi kwa ukaidi. Mwili unayapoteza maji, ndiyo maana anayatafuta, na kumnyima ni kummaliza. Alipima mkojo, sukari haikuonekana. Alishuku figo, akachukua damu ya kupeleka Kisii. Majibu yalipokuja yalikuwa figo kweli. Ujana hautarudi, alisema, lakini akipewa maji wakati wote na chakula atakachoelekezwa, anaweza kuishi kwa muda bado.

Kesho yake sauti ilitoka kwenye ua, mgongo ukiwa umeelekea mlangoni kama inavyotakiwa.

"Sajini, mwulize Mama Kemuma kama ana beseni asilolitumia."

Esnah aliliweka beseni penye ua, akarudi nyuma. "Sajini, mwambie Tata hili halivuji."

Aliona mabega ya mzee yakitikisika, na alijua si kikohozi.

Sasa beseni linakaa barazani, limejaa. Magunia yamekuwa mawili, moja huanikwa na jingine hulaliwa. Juzi shemasi alipita akauliza gunia hilo ni la nini.

"Godoro la Sajini," mzee alijibu, akaendelea kulitandaza juani, bila kuchungulia kulia wala kushoto.