Chokaa ya Maganda ya Fuma

Mjomba wangu alikuwa akipasua fuma, wale wa baharini wenye miiba mirefu, nyuma ya hoteli moja ya Watamu. Wageni Wataliano walikula mayai ya fuma hao na maganda yakatupwa ufuoni, yakaoza. Mama aliyaonea uchungu.

"Tutayachoma, tupate chokaa," aliniambia. Ukuta wa chumba alimolala dada yangu mgonjwa ulikuwa ukimomonyoka, na ya dukani hatukuiweza.

Tuliyachoma kwa makumbi ya nazi mpaka yakageuka unga wa kijivu. Tukaukoroga na maji, tukapaka. Siku ile chumba kiling'aa, dada akaomba mlango uachwe wazi ili majirani waone.

Masika yalipoingia, ukuta ulitoa jasho la chumvi. Chokaa ikaanza kubanduka na kumwangukia kitandani.

"Mama, inaniingia machoni," dada alisema.

Mama alimpangusa uso kwa ncha ya leso, kisha akafagia. Kesho yake alikwenda ufuoni kuokota maganda mengine. Nilimfuata na kapu, ingawa sote wawili tulijua ukuta hautashika, na dada alikuwa hainuki tena kitandani kuutazama.