Mpira Alioturushia Polepole

Harufu ya mafuta ya kung'arishia ngozi ikinipata hata leo, naiona glavu kubwa ya kahawia ya Papa Curtis ikikauka kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, pale Albert Park, mtaa wetu wa ugenini.

Papa Curtis alikuwa Mmarekani, mume wa Mama Nadège, jirani yetu aliyesuka nusu ya vichwa vya jengo lile. Zamani, huko kwao, alikuwa analipwa kucheza besiboli. Kazi yake ilikuwa kurusha mpira, na mwenye gongo ajaribu kuupiga. Basi! Mtu mzima kulipwa kwa hilo? Nilikuwa na miaka tisa na sikuamini hata kidogo, kwa sababu kila Jumamosi alipotufundisha sisi watoto mchezo huo bustanini alitutupia mpira polepole, kwa chini, kama anayelisha kuku.

Jumamosi moja mchana mama alikuja kunichukua. Alikuwa amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akisubiri kuvuka, mwanamume mmoja akampokonya mkoba na kutimua mbio. Mle ndani mlikuwa na karatasi zetu zote za ukimbizi. Mama alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena kinywani mwake.

Niliona mguu wa Papa Curtis ukinyanyuka na mpira ukimtoka mkononi. Nikasikia mlio mkavu wa mpira kwenye kisogo. Mwizi, ambaye alishafika mbali, akaanguka kifudifudi na hakutikisika.

Watu wakashangilia. Mimi nilibaki mdomo wazi: kumbe ni kweli! Nikageuka kumpigia makofi, lakini alishanipita akikimbia. Wanaume walikuwa wanavua mikanda wamchape yule mwizi. Papa Curtis akamlalia juu.

"Musimuguse!" alipaza sauti. "Nadège, iko anapumua? Niambie, iko anapumua?"

Mama Nadège alipiga magoti, akainamisha sikio. "Anapumua, chéri. Angalia, iko anafungua macho."

Papa Curtis akaangua kilio mbele yetu sote. Kilio kile kilinitisha kuliko mwizi.

Karatasi zetu zilipatikana. Mwizi alichukuliwa na ambulensi, tukasikia amepona. Papa Curtis hakurudi bustanini, nami nilimnunia miezi mingi.

Nilikuwa nimeshaanza chuo Mama Nadège aliponieleza, vidole vyake vikiwa kwenye nywele zangu. Katika mwaka wake bora kabisa, mpira wa mumewe ulimpiga kichwani mwenye gongo wa timu ya pili, uwanja umejaa watu. Yule kijana hakuamka. Kila mtu alisema ni ajali. Siku chache baadaye Papa Curtis alipewa mpira, akaurusha ardhini. Wa pili, ardhini. Na wa tatu. Watu walidhani mkono umeharibika, na kazi yake ikaishia hapo.

Kichwa changu kilikuwa kimeinama mapajani mwake. Miaka yote nilisimulia mchana ule kama siku ya ushujaa. Kumbe zile dakika sisi tuliposhangilia, yeye alikuwa amerudi uwanjani kwao, akimsubiri mtu mwingine ainuke.